Kivumishi cha Natina

Incoronata Petrecca, ambaye mtaa mzima ulimwita Natina kwa kuwa hakuna mwenye pumzi ya kulitamka jina lote kila asubuhi, alijifunza Kiingereza kwa namna yake mwenyewe. Majina ya vitu hakuyataka. Kiti, alisema, ukikihitaji unakionyesha kwa kidole. Vitenzi navyo aliviona ni kazi ya mikono na miguu: kula, kulala, kukimbia, nani asiyeweza kuviigiza? Alichokitaka yeye ni vivumishi. Bila vivumishi, aliuliza, utamsema mtu vipi?

Na kusema watu ilikuwa nusu ya maisha ya Natina. Nusu ya pili ilikuwa kupiga pasi. Yote mawili aliyafanya mahali pamoja, kwenye dirisha la chini linalotazama Mtaa wa Fontanella, meza ya pasi imesogezwa hadi dirishani ili asipitwe na kitu. Roccasalda ni mji mdogo wa milimani, na nguo za watu wake, kuanzia kanzu ya padri hadi vitambaa vya meza vya arusi, zote zilipita mikononi mwake. Alijua nani amenenepa, nani amehamia kitanda cha peke yake, nani ameanza kujipulizia manukato katika umri usio wake. Hakuwa na ubaya hata kidogo. Alikuwa na hamu ya kujua, kama wengine walivyo na hamu ya vitu vitamu. Na kila Jumamosi jioni, kazi za watu zikishakwisha, alipiga pasi shati moja la buluu la kiume ambalo hakuna mteja aliyelileta wala aliyekuja kulichukua. Mtaa ulikwisha kulizoea, na hakuna aliyelitaja.

Mwalimu wake wa Kiingereza alikuwa Bwana Desmond Harcup, mstaafu mmoja mrefu, mpole, aliyenunua nyumba ya mkabala pamoja na mkewe Rosalind na kuipaka rangi ambayo Roccasalda inaijadili mpaka leo. Kila Alhamisi alivuka mtaa na kikapu cha nguo, akaketi kwenye kiti cha majani kando ya dirisha, akapewa kahawa, na biashara ikaanza: kivumishi kimoja cha Kiingereza kwa kimoja cha Kiitaliano. Natina hakuandika chochote. Neno jipya alilivalisha watu, aone litamkaa nani. Siku alipofundishwa grumpy, yaani mtu wa kununa bila kisa, mwenye uso wa aliyeamshwa vibaya, alisimamisha pasi akaanza kulijaribisha kwa wapita njia.

"Quirino?" aliuliza, akimwonyesha kwa kidevu mtu wa mazishi aliyekuwa akishuka na gari lake jeusi.

"Hapana," akasema Bwana Desmond kwa Kiitaliano chake cha kuchechemea. "Quirino ana huzuni ya kazi."

"Shemeji yangu Ermelindo?"

"Kabla ya kahawa, ndiyo."

"Na baada ya kahawa?"

"Baada ya kahawa pia."

Wakacheka mpaka mvuke wa pasi ukawaingia machoni. Rosalind mwenyewe hakuwa akivuka mtaa. Kiitaliano kilimshinda, na aliona haya kukaa kati ya watu kama bubu, basi alitosheka kuwapungia mkono kutoka dirisha lake la juu. Natina alimpungia pia. Akiinua macho, saa yoyote, Rosalind alikuwa pale.

Majira ya baridi yalipofika, mume na mke walifunga nyumba wakaenda kwao Uingereza. Kabla ya Pasaka Bwana Desmond akarudi peke yake.

Natina alilijua hilo kabla kikapu hakijatua mezani. Ndani yake mlikuwa na mashati tu. Hakuna blauzi, hakuna sketi, hakuna hata leso ya maua. Alihoji kwa macho, na macho hayakujibiwa. Bwana Desmond alikunywa kahawa yake, akatoa kivumishi chake, akapokea cha kwake, akaenda zake. Alhamisi iliyofuata ikawa vilevile, na nyingine, na nyingine. Dirisha la juu lilibaki limefungwa vibao.

Mtaa ukakaa kikao. Katika Mtaa wa Fontanella kikao maana yake ni Delfina, jirani wa ukuta mmoja, kuingia na kiti chake mwenyewe.

"Shoga, mwanamke yuko wapi?" Delfina aliuliza, kana kwamba Natina amemficha kabatini.

"Huenda ni mgonjwa."

"Mgonjwa angeachwa peke yake huko?"

"Basi huenda…" Natina hakulimaliza neno.

"Tanzia umeiona?" Delfina akasema. "Mimi sijaiona. Wewe umeiona? Quirino ameibandika wapi?"

Hapo hapakuwa na cha kubisha. Roccasalda mtu hafi mpaka tanzia yake ibandikwe ukutani, karatasi nyeupe yenye ukingo mweusi, jina kwa herufi kubwa, na chini yake majina ya wafiwa. Watu hupita ukutani kabla ya kupita dukani. Hata waliofia Kanada na Ajentina hubandikwa hapa kwao, na jioni hiyohiyo majirani huanza kupika, kwa sababu nyumba yenye msiba jiko lake haliwashwi. Ukuta ulikuwa haujasema kitu. Kwa hiyo Rosalind alikuwa hai, na kama alikuwa hai na hayupo, basi amemkimbia mumewe. Delfina alibeba kiti chake akarudi kwake, ameridhika na hukumu.

Natina hakuridhika. Alimhurumia yule mzee. Na kwa Natina, kama kwa mtu yeyote wa mtaa ule, huruma huanza kwa swali. Usiyemuuliza kitu ni mtu usiyemjali, ni sawa na ukuta au nguzo ya taa. Alhamisi ikafika, kahawa ikamiminwa, naye akaliachia swali akiwa ameshika pasi, kwa moyo mweupe kabisa.

"Bwana Desmond, mkeo amekukimbia? Kapata mwanamume mwingine?"

Bwana Desmond alikiweka kikombe chini. Kisha akasimama, akasema samahani, ijapokuwa hakuwa amemkosea mtu, akavuka mtaa, akafunga mlango. Kikapu kilibaki pale miguuni pa Natina, na ndani yake mashati.

Alhamisi ya pili kiti cha majani kilibaki kitupu. Natina alimwona akienda kununua mkate amevaa shati lililotoka kwenye kamba moja kwa moja, kola imejikunja kama sikio la mbwa. Mtu mwingine angelicheka. Yeye lilimchoma. Alikuwa amempoteza rafiki, na hakujua amempotezea wapi.

Aliyemletea jibu ni Ermelindo, kaka wa marehemu mumewe, ambaye ujana wake wote uliishia kwenye tanuri za matofali huko Bedford, Uingereza, na ambaye Kiingereza chake bado kilinukia moshi wa pale. Aliingia bila kubisha, akaketi, akasubiri kahawa.

"Shemeji, una kesi," alisema.

"Kesi gani tena?"

"Nimemkuta Mwingereza wako mkahawani. Nikamuuliza mbona siku hizi hukanyagi kwa shemeji yangu. Unajua alichosema?"

"Ningekuwa najua ningekupa kahawa?"

"Alisema, Natina ni nosy. Basi. Akalipa akaondoka."

Natina aliisimamisha pasi. Masikio yalimsimama, maana hicho kilikuwa kivumishi, na hakuwa nacho.

"Nosy," akarudia, akilionja. "Ndiyo nini?"

Ermelindo akajigusa pua, akaivuta mbele mpaka ikakaribia kuingia kwenye kikombe cha mwenziwe.

"Mpekenyuzi," alisema. "Mdaku. Mtu ambaye pua yake inafika kabla yake."

"Aa." Natina alihisi uso unamwaka moto. "Ni tusi?"

"Inategemea."

"Inategemea nini? Ermelindo, usinisemee nusu. Ni zito kiasi gani? Mtu akiambiwa hivyo Bedford, anapigana?"

"Hapigani."

"Analia?"

"Halii. Anajifanya hajasikia, halafu anaendelea kuuliza."

Jibu hilo lilimchanganya zaidi. Ni neno gani hilo, tusi lisilozuia kitu? Alivuta kiti akakaa mbele ya shemeji yake, jambo ambalo hakulifanya saa za kazi tangu mwaka wa tetemeko.

"Delfina ni nosy?"

"Delfina? Delfina wangeweka picha yake kando ya neno hilo kwenye kamusi."

"Na yule askari aliyekuja kumuuliza Quirino habari za gari?"

Ermelindo akafikiri. "Hapana. Askari kupekua ni kazi yake. Nosy ni yule ambaye halimhusu."

"Na daktari?"

"Hapana."

"Padri?"

"Kwenye kitubio, hapana. Akiwa amesimama kwenye ngazi zako anachungulia sufuria, ndiyo."

"Mtoto?"

"Mtoto anayeuliza ni mtoto tu."

"Na mtu anayeuliza kwa sababu anamjali mwenzie?"

Hapo Ermelindo alikuna kichwa. Bedford hakuna aliyewahi kumpa somo hilo. "Hiyo sijui, shemeji," akakiri. "Mimi nilikuwa nachoma matofali."

Mchana kutwa Natina alilijaribisha neno lile kwa watu, na jambo la ajabu ni kwamba lilimkaa kila mtu. Lilimkaa mke wa mwokaji, lilimkaa mpeleka barua, lilikaa hata paka. Lakini alipojivalisha mwenyewe, lilimkaa kuliko wote, wala halikuhitaji kupunguzwa popote. Akaona uchungu. Maisha yake yote alijiita mwenye moyo, na kumbe ng'ambo ya mtaa huo moyo una jina la pua.

Akaamua kuacha. Asubuhi yake alifunga vibao vya dirisha akapiga pasi gizani, kimya, hatazami nje, haulizi. Hazikupita dakika nyingi Delfina akauvamia mlango kwa ngumi zote mbili.

"Natina! Natina! Umekufa?"

"Sijafa. Napiga pasi."

"Umefunga dirisha, nikajua umekufa. Mke wa mwokaji ameshaweka maji ya tambi jikoni!"

"Nimeacha kutazama watu."

Delfina alimwangalia kwa hofu ya kweli, akamshika paji la uso kupima homa, akafungua vibao vyote kwa mkono wake mwenyewe. Kuacha kwa Natina kukaishia hapo. Lakini swali lake halikuisha. Alitaka kujua si maana ya neno tu, maana ameshaipata. Alitaka kujua wenyewe wanalitumiaje, wanalishika upande upi bila kukatwa nalo. Neno ni kama kisu cha jikoni, kina makali na kina mpini.

Alimwendea Ermelindo bustanini, akamkuta amepiga magoti kati ya nyanya zake.

"Fikiri vizuri," alimwambia. "Hao Waingereza wote ulioishi nao, hapakuwa na mmoja aliyetaka kujua mambo ya watu?"

"Wengi tu."

"Basi walikuwa wanafanyaje? Walijua ni aibu, na bado walitaka kujua. Walipitia wapi?"

Ermelindo aliiacha nyanya aliyokuwa akiifunga. Uso wake ulibadilika, akaanza kutabasamu taratibu, tabasamu la mtu anayeona chumba alichokisahau.

"Mwenye nyumba wangu," alisema. "Bi Tuttle. Mama mnene, mwema sana. Kila akitaka kuniuliza kitu, kama nimepata barua, kama nina mchumba, kwa nini nimelia usiku, alikuwa anasimama mlangoni, hakanyagi ndani, halafu anasema: Sitaki kuwa nosy, lakini…"

"Halafu?"

"Halafu anauliza."

"Anauliza vilevile?"

"Anauliza kila kitu! Mpaka rangi ya soksi za mama yangu."

"Kwa hiyo anasema hataki kuwa, kisha anakuwa."

"Ndiyo. Lakini ukishasikia vile, shemeji, unajua amesimama mlangoni. Ukitaka unamwambia hakuna kitu, naye anaenda zake. Ukitaka unasema. Mimi nilikuwa nasema." Alirudi kwenye nyanya zake, akaongeza bila kugeuka, "Hakuna mwingine aliyekuwa ananiuliza kule."

Natina alisimama pale bustanini akiwa amefurahi kama mtu aliyeokota pete yake. Kumbe ni hodi! Neno lenyewe ndilo hodi. Yeye hakukosea kwa kutaka kujua. Alikosea kwa kuingia na viatu vyake hadi chumbani kwa mtu, bila hodi, na mkononi ana mwanamume mwingine aliyembuni mwenyewe. Alijifunza sentensi ile kwa Ermelindo mpaka Ermelindo akachoka, akairudia njiani, akamtamkia hata paka.

Kesho yake alipiga pasi mashati yote ya kile kikapu, akayakunja, akayafunika kwa kitambaa safi, akavuka mtaa. Alijua akifungiwa mlango mara hii, basi ndiyo mwisho, mzee wa watu atazeeka peke yake na kola zilizojikunja, na kosa litakuwa lake. Alibisha. Mlango ukafunguliwa nusu.

"Mashati yako," alisema.

"Asante, Natina. Hukuwa na haja."

Alipokea kikapu. Mlango ulianza kurudi. Natina hakukanyaga ndani. Alisimama palepale nje, akapandisha pumzi, akaitoa sentensi yote kwa Kiingereza, neno kwa neno, kama alivyoipokea kutoka Bedford.

"Bwana Desmond, sitaki kuwa nosy, lakini…"

Mlango ukasimama. Uso wa Bwana Desmond ulikunjuka kwanza machoni, kisha mdomoni, akaonekana kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni. Natina, aliyekuwa ameandaa maswali ya kutosha kujaza kapu la pili, alijikuta amebaki na moja tu.

"Rosalind yuko wapi?"

"Amefariki," alisema Bwana Desmond. "Mwezi wa pili. Ulikuwa ugonjwa wa damu, ulikwenda haraka."

"Haiwezekani!" Natina alipiga kelele kabla hajajizuia. "Hakukuwa na tanzia ukutani!"

Mwingereza hakuelewa, na alipoelewa aliketi palepale kwenye ngazi, kikapu magotini.

"Nilidhani mnajua," alisema. "Boila yangu ya maji ya moto ilipoharibika, wewe ulijua kabla yangu. Nikasema, hawa wanajua kila kitu, sina haja ya kusema. Nikarudi, na hakuna aliyeniambia pole. Hata mtu mmoja. Nikadhani ndiyo desturi yenu, mtu akifiwa anaachwa kimya. Nikajaribu kuiheshimu. Halafu wewe ukaniuliza kama amenikimbia."

Natina alilia kwa sauti, kama wanavyolia wanawake wa Roccasalda, bila kujali nani anasikia. Alilia kwa ajili ya Rosalind, na kwa aibu, na kwa mzee yule aliyekaa nyumba yenye msiba miezi yote akijipikia mayai, majirani pande zote mbili wakimwonea huruma ya kukimbiwa. Delfina alishatoka na kiti chake. Hakuulizwa, na kwa mara ya kwanza hakuuliza.

"Ndiyo maana ulimwambia Ermelindo mimi ni nosy," Natina alisema, akijifuta kwa aproni. "Ulikuwa na haki."

"Ermelindo hakungoja nimalize. Au mimi sikuweza kumaliza." Bwana Desmond aligeuza shati la juu kikapuni, akapitisha kidole kwenye kola yake. "Nosy alikuwa Rosalind. Miaka yote nilimwita hivyo. Nosy, shuka kutoka dirishani. Nosy, supu inapoa. Wewe ulidhani ni wewe tu unayetazama? Yeye alikuwa anakutazama wewe. Nikirudi Alhamisi nilikuwa nahojiwa: kasema nini, kacheka nini, lile gauni la manjano ni la nani. Ulivyoniuliza lile swali, nilisikia sauti yake. Nikashindwa kukaa."

Adhuhuri hiyo Quirino aliitwa, akaja na sura yake ya kazi. Alitaka jina, tarehe, na sifa za marehemu, maana tanzia haiendi ukutani bila sifa.

"Mke mwema, mcha Mungu," akapendekeza, kalamu tayari.

"Kanisani alikuwa akilala tu," alisema Bwana Desmond. "Andika nosy."

"Ndiyo nini?"

"Andika," akasema Natina, "na usiulize, Quirino, utakuwa nosy nawe."

Tanzia ikabandikwa. Watu walijaa mbele ya ukuta, wakasoma jina, wakasoma tarehe, wakakwama kwenye neno. Natina alisimama kando kama mlinzi, akawa anawafafanulia kila wanapouliza, na walikuwa wanauliza wote.

"Maana yake alikuwa kama mimi," alisema.

"Maskini mumewe!" akasema Delfina, kisha akajishika mdomo.

Jioni ileile vyungu vilianza kuvuka mtaa. Delfina alileta tambi za mkono na mchuzi wa mwanakondoo, mke wa mwokaji mkate wa moto, Ermelindo nyanya zake na chupa ya divai aliyokuwa akiificha. Hakuna aliyejali kwamba msiba ulikuwa wa miezi iliyopita. Kwa hesabu ya ukuta, Rosalind alifariki leo. Bwana Desmond alikula, akaulizwa, akala, akaulizwa: walikutana wapi, alikuwa anapenda nini, nani alimposa nani. Alijibu yote, na pale Kiitaliano kilipomwishia, Ermelindo alimsaidia kwa kile cha tanuri.

Alhamisi iliyofuata alivuka mtaa na kikapu. Kiti cha majani kilikuwa mahali pake, na kahawa. Alikoroga kikombe muda mrefu kuliko sukari iliyokuwamo.

"Natina," alisema, "sitaki kuwa nosy, lakini…"

Natina alicheka kwa furaha, akaweka mkono kiunoni. "Hodi imesikika. Uliza."

"Si swali langu. Ni la Rosalind. Aliniuliza kila Jumamosi akiwa pale dirishani, nami sikuwa na jibu, na yeye hakuwa na Kiitaliano cha kukuuliza mwenyewe. Lile shati la buluu ni la nani?"

Pasi ilikuwa hewani. Natina hakuishusha. Aliwaza, pasipo kutaka, watu wote aliowahi kuwahoji kupitia dirisha lile, wazima na wagonjwa, wachumba na wajane, na akagundua kwamba kwa miaka hiyo yote hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza habari zake yeye. Walijua, kwa hiyo walinyamaza. Hata Ermelindo, ambaye shati lile lilikuwa la kaka yake, akiingia Jumamosi alilitupia jicho akaanza habari za mvua.

"La Pardo," alisema. "Mume wangu. Aliniomba nimpigie pasi alivae Jumapili. Ijumaa akaanguka kazini, kutoka kwenye jukwaa la wajenzi."

Bwana Desmond alitikisa kichwa taratibu. Alisogeza kiti chake karibu na meza ya pasi.

"Alikuwaje?" aliuliza. "Nipe kivumishi."

Natina alifungua mdomo, yeye ambaye alikuwa na kivumishi cha kila mtu Roccasalda, akaufunga, akaufungua tena. Kisha akaizima pasi, akavuta kiti kingine, akaketi.

"Kunywa kahawa yako kwanza," alisema. "Kimoja hakitoshi."